Kwa Nini Sijasaini Karatasi Yenu ya Kiwanja

Shani mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pale stendi, mbele za watu, na nitacheka kama mama mwingine yeyote anayemsindikiza mtoto wake. Humu hamna salamu. Umekwenda kusukwa, umesema utarudi alasiri, nami nimekaa barazani na daftari lako la zamani la jiografia, lile lenye kurasa nyingi tupu kwa sababu jiografia hukuipenda. Naandika nikiwa na hasira. Tangu jana nimengoja ipungue na haijapungua, basi nimeona niandike nayo hivyo hivyo.

Habari za chandarua, za kumwamkia shangazi yako kila asubuhi, za kutolaza vyombo vichafu, sizisemi. Shangazi yako wa Mikumi ana mdomo wake na hajawahi kuusahau mahali, atakuambia mwenyewe. Kazi ya hoteli watakufundisha wenye hoteli. Mimi nina neno juu ya ile bahasha ya kaki uliyoniwekea mezani jana ukasema, "Mama, nisainie hapo chini nilipoweka alama. Jumamosi tunamalizana na mwenye kiwanja." Ulikuwa unapiga pasi, hata hukugeuka kunitazama.

Nimeisoma. Jana niliisoma nimesimama, leo asubuhi nikaisoma nimekaa, nikidhani labda nikikaa itasema kitu kingine. Muuzaji ni bwana mmoja wa hapo Mikumi ambaye simjui. Mnunuzi ni Idrisa. Shahidi wa muuzaji ni mke wake. Mashahidi wa mnunuzi ni wawili, wewe na mimi. Kwa hiyo wanaume wawili wanauziana, wanawake watatu tunatazama. Na kinachonunua hicho kiwanja ni nini? Ni mpunga wa Msowero, misimu mitatu, mashamba ya kukodi, matope magotini, mimi na wewe tumeinama tangu alfajiri, hata leo mgongo wangu haujanyooka vizuri. Idrisa alikuwa Mikumi anaendesha gari la watalii. Simlaumu kwa kuendesha gari. Nauliza tu jina lake limefikaje kwenye mpunga wetu.

Nilikuuliza jana. Ukasema, "Mama, mwanamume anakwenda kununua kiwanja halafu aandikwe mwanamke? Ataonekanaje kwa wenzake?"

Nikasema, "Muandikwe wote wawili."

"Hatujaoana bado."

"Ndicho kinachonishangaza. Hamjaoana, na wewe umeshampa."

Ukaiweka pasi chini ukasema maneno ambayo najua hukuyapima. "Mama, usiniingize kwenye mambo yako na mjomba. Idrisa si mwizi kama mjomba Athumani." Kisha ukaingia ndani. Nilibaki pale nataka kukujibu, nikashindwa, kwa sababu jibu lenyewe nimelificha tangu ukiwa darasa la tatu. Leo nakupa.

Mjomba wako Athumani si mwizi. Hakughushi saini yangu. Saini ile ni yangu, niliiandika mwenyewe kwa mkono huu unaoandika barua hii.

Rudia kusoma hapo, kisha uendelee. Najua utakasirika na una haki. Tukasirike wote, nyumba hii ina nafasi.

Unajua kwetu ardhi inapita kwa mama. Shamba la Zombo bibi yako alilipata kwa mama yake, na alipokufa likawa langu, maana kati ya watoto wake wa kike nilibaki peke yangu. Kaka ni msemaji. Ukoo ukiwa na neno juu ya ardhi, mdomo unaosikika mbele za watu ni wake. Lakini mdomo si mwenye chakula, na hilo kila mtu Zombo alilijua, Athumani akiwa wa kwanza. Baba yako alipofariki kule Malolo nilirudi kwetu nikiwa nawe, umeng'oka meno ya mbele, unalia ovyo. Athumani ndiye aliyetupa nyumba. Aliiezeka kwa mikono yake, akanilimia msimu mzima kwa sababu nilikuwa katika eda. Hayo sikukusimulia. Nilikusimulia wizi tu.

Kisha mke wake akaugua. Wifi yangu, yule aliyekuwa akikusuka twende kilioni mpaka macho yanavutika. Ilibidi apelekwe Morogoro, na Athumani hakuwa na kitu. Akaja akakaa kizingitini kwangu, akasema, "Dada, nimekwama. Nataka tukate kile kipande cha kando ya barabara, chenye mawe, tumpe mtu. Bondeni hatugusi." Nikasema sawa. Kipande kile hakikuwahi kuzaa chochote isipokuwa mbigili. Mpaka hapo hakuna aliyemkosea mwenzake.

Mnunuzi akaja siku ya Jumapili na watu wake wawili, na karatasi imeshachapwa. Hapo utulie kidogo, Shani. Imeshachapwa. Mtu amekuja kununua shamba la watu na maneno yote amekwisha kuyapika kwao, amekuja kutupakulia tu. Siku ile jambo hilo halikunishtua. Niliona ni ustaarabu wa mjini, nikasema moyoni, hawa watu wana utaratibu.

Tulikaa uani kwa Athumani. Wanaume walikuwa kwenye viti, mimi nikavuta kigoda. Athumani akasema, "Hapana, dada yangu akae kwenye kiti. Kwetu hapa yeye ndiye aliyemaliza darasa la saba, awe shahidi wetu." Nikakaa kwenye kiti. Nilijiona mkubwa, mwanangu. Tangu niwe mjane hakuna aliyekuwa amenitaja mbele za watu kwa jambo la maana, nilikuwa wa kuitwa jikoni kwenye shughuli za wenzangu. Siku hiyo wageni wa mjini waligeuka wote wakanitazama, mmoja akaniamkia, "Shikamoo, dada," na alikuwa na mvi kunizidi.

Wakanipa karatasi, kurasa mbili. Macho yangu yakaanza kwenye mstari wa kwanza, na hapo hapo nikaona haya. Kaka yangu mkubwa amekwisha kukubali, dole gumba lake lina wino, halafu mimi mdogo wake nianze kusoma mbele ya wageni mstari kwa mstari? Kwetu ukifanya hivyo umemwambia mkubwa wako kwamba humwamini. Mnunuzi naye akasema kwa upole wa kutisha, "Ni yale yale tuliyozungumza, dada." Athumani akawatazama wote, akasema, "Kama kuna mwenye neno, aseme." Neno nilikuwa nalo. Nilitaka kusema, ningojeni nisome. Sikulisema. Nikaandika jina langu, zuri, kwa mwandiko wa darasani, pale palipoandikwa shahidi.

Karatasi ilisema shamba lote. Kipande cha mawe pamoja na bonde mpaka mtoni. Ikasema ni mali ya Athumani, kairithi kwa mama yake, na hakuna mtu mwingine mwenye haki juu yake. Na mimi ndiye niliyeshuhudia maneno hayo. Nilishuhudia kuuzwa kwa shamba langu mwenyewe, Shani, huku nimekaa kwenye kiti.

Tulijua siku trekta ilipoingia bondeni, mahindi yangu yakiwa yamefika kiunoni. Athumani alikimbilia huko na jembe begani, akarudi akaniomba nimsomee nakala yake. Nilimsomea. Nilipofika kwenye mipaka niliacha, nikaanza upya, nikaacha tena hapo hapo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi twende tukaseme." Yaani twende pamoja, mimi na yeye, tukaseme tulivyokubaliana na walivyoandika. Lau ningemsikiliza, barua hii nisingeiandika.

Lakini mimi nilikuwa nimepandwa na hasira, na mtu mwenye hasira humtafuta anayemchochea. Hapa Kilosa kulikuwa na bwana mmoja, suti ya kijivu, mkoba mweusi, alikuwa akishinda kwenye benchi la mgahawa akingojea watu wenye macho kama yangu. Alijiita wakili. Baadaye nilikuja kujua alikuwa kishoka, wakili wa mdomo, hana leseni wala ofisi, ofisi yake ni ule mkoba. Alichukua mbuzi wangu wote kama malipo ya kuanzia kazi, na mpaka leo nikimwona mtu amebeba mkoba mweusi navuka barabara.

Alinyoosha karatasi mezani akaniuliza, "Hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

Akaisukuma mbali kana kwamba ina upele. "Mama, ukisema ni yako, umekwisha. Utasema si yako. Utasema kaka yako ameghushi."

"Lakini kaka aliniona nikiandika."

"Kaka yako tunamshitaki pamoja na mnunuzi. Nani anamsikiliza mshitakiwa?"

Utaniuliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa sababu uongo ule ulinisafisha. Kama saini si yangu, basi sikukaa kwenye kile kiti, sikuona haya kusoma, sikufunga mdomo nilipoambiwa mwenye neno aseme. Yote yakawa ya Athumani. Yule mshenzi alijua anachoniuzia, na mimi nilijua ninachonunua. Nina hasira naye, lakini nikisema yeye ndiye aliyeniharibia nitakuwa nakudanganya mara ya pili.

Siku ya baraza la ardhi ilifika. Nilivaa khanga mpya. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mpole, anaandika kila kitu taratibu. Akaniuliza kama saini ni yangu, nikasema si yangu. Nilisema kwa sauti kubwa. Akamgeukia mjomba wako.

"Mzee Athumani, una la kusema?"

Athumani alisimama, kofia mkononi. "Mheshimiwa, mimi sijui kusoma. Ndiyo maana siku ile nilimwita dada yangu, atusomee. Alikaa na karatasi mkononi, nikajua ameisoma."

Umeelewa, Shani? Mimi sikuisoma kwa kumheshimu yeye. Yeye aliweka dole kwa kuniamini mimi. Aliniita shahidi kwa sababu nilikuwa na macho ambayo yeye hakuwa nayo, na mimi nikadhani nimeitwa kupamba kiti.

Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa hiyo dada yako anasema uongo?"

Akaizungusha kofia yake. Kisha akasema, "Labda amesahau, mheshimiwa. Alikuwa bado na majonzi ya mume wake."

Hapo ningeweza kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kaka yangu niliyemshitaki ndiye aliyenifungulia. Nilimtazama yule wa suti, akanikazia macho, nikarudia kwamba saini si yangu. Basi mwenyekiti akaagiza niletewe karatasi tupu niandike jina langu, mara nyingi, juu mpaka chini. Nilijaribu kuupindisha mwandiko. Mkono ulikataa. Miaka saba ya fimbo za mwandiko shuleni haipotei kwa asubuhi moja. Wakaweka karatasi hizo mbili pamoja na kila mtu aliyekuwa ndani akaona. Tangu dakika ile sikuwa mjane aliyedhulumiwa tena, nilikuwa mwongo, na mwongo hata akisema ana njaa hapewi. Shauri likaisha. Yule wa suti alikuwa ametoka kwenda kupokea simu, bado anaipokea mpaka leo.

Nilirudi nyumbani ukanikuta mlangoni na sare zako za shule. Ukauliza, "Mama, tumeshinda?" Nikasema, "Mjomba wako ameghushi saini yangu." Nilikuwa nimeutoa uongo ule barazani na sikuwa na pa kuuweka, nikauweka kwako. Ulikuwa mtoto, ukaupokea, ukaulisha, ukakua nao.

Unakumbuka msiba wa wifi? Alifariki mwaka uliofuata. Tulikwenda kwa sababu watu wangesema. Ulipita mbele ya mjomba wako bila kumwamkia. Mtoto wa darasa la nne, mbele ya waombolezaji, umempita mtu mzima aliyefiwa kama unavyopita gogo. Kila mtu alikutazama. Na yeye akasema, polepole, "Marahaba, mjomba." Aliitikia shikamoo ambayo hukumpa, ili usiaibike. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Mtoto wako hafundishwi?" Nikajibu kwamba mtoto wangu anajua anachofanya. Nilifurahi, Shani. Nilikuona umenilipia. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyofanya, kuliko saini, kuliko uongo wa barazani, na hakuna baraza lililonishitaki kwa hilo.

Wala hakuja kunigombeza. Mwaka hata mwaka hakutoa neno. Watu wa Zombo walimwuliza kwa nini hajitetei, nasikia alikuwa akijibu kwamba yale ni mambo ya mtu na dada yake.

Sasa nirudi kwenye bahasha yako, maana najua unasema, "Mama, hiyo ni hadithi yako, Idrisa hajaandika uongo wowote." Kweli. Idrisa ni kijana mzuri. Ananiamkia vizuri, anakula kwangu bila kuchagua, na alipokuja mara ya mwisho alinitengenezea kitasa. Athumani naye alikuwa mzuri. Sikupoteza bonde kwa sababu kaka yangu alikuwa mbaya. Nilipoteza kwa sababu sote tulikuwa wazuri, tunaheshimiana, tunaoneana haya, na kati ya haya zetu akapita mtu mwenye karatasi iliyochapwa.

Leo asubuhi nilimpigia simu Dada Neema. Humjui. Ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza anayomwambia kila mtu: "Mimi si wakili, nitakueleza ninachokijua na nisichokijua nitakuelekeza kwa wakili." Yule wa suti hakuwahi kuniambia kwamba kuna asichokijua. Nilimpata Neema miaka ya nyuma alipokuja kutoa elimu ya ardhi kwenye ofisi ya kata. Watu walipoondoka nilibaki, nikamweleza mkasa wa rafiki yangu mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie huyo rafiki yako angesema kweli siku ya kwanza. Angesema, nilisaini, sikusoma, kaka yangu hajui kusoma, tulikubaliana kipande na wameandika shamba zima, na kijiji hakikuulizwa. Hizo zote ni hoja. Kaka yake angekuwa shahidi wake." Nikamwambia nitamfikishia. Akanishika mkono, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya choo cha ofisi.

Basi leo nilimsomea karatasi yenu yote kwenye simu, mpaka nukta. Aliniuliza ndoa ni lini. Nikasema baada ya mavuno. Akasema, "Na kusaini ni Jumamosi. Jumamosi binti yako atakuwa nani kwenye hiyo karatasi? Si mke. Si mnunuzi. Ni mtu aliyekuwa anapita akaombwa atazame." Akasema mkigombana kesho kutwa, Mungu apishe mbali, wewe ndiye utakayeletwa kuthibitisha kwamba uliona Idrisa akinunua kiwanja chake. Kwa saini yako. Na mama yako mzazi atakuwa pembeni yako, naye ameona.

Akauliza pia habari ya huyo mke wa muuzaji. Nikasema ni shahidi. Akacheka kile kicheko kisichokuwa na furaha. Kama ni mali ya nyumba yao, yule mama anatakiwa kusema kwa kinywa chake na kuandika kwamba ameridhia kuuza, si kuandikwa kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Asiporidhia, atakuja kuwatoa mkiwa mmeshajenga, na atakuwa na haki. Mmewahi kumwona huyo mama? Mmewahi kumuuliza? Au mumewe amesema, "Mke wangu hana neno"? Mimi pia sikuwa na neno. Muulizeni mbele yenu, tena msimuulize mume wake akiwa anamtolea macho.

Neema akasema majina mawili yanaingia kwenye karatasi moja, hakuna sheria inayokataa, na mtu asiwadanganye kwamba ni mpaka muwe mmeoana. Akasema kabla ya Jumamosi mwende ofisi ya ardhi muulize kiwanja ni cha nani, mwende na kwenye kiwanja chenyewe muongee na majirani wa pande zote, halafu karatasi ipite kwa wakili mwenye leseni. Jina la wakili wa kweli linaangaliwa, lipo kwenye orodha, hata kwa simu yako hiyo unayoshinda nayo utaliona. Mtu akikuambia hakuna haja, kwamba yeye ana uzoefu, mtazame kama amebeba mkoba.

Najua utaona haya. Utafika mbele ya Idrisa, na wenzake wa magari wamekaa hapo, na huyo muuzaji anatazama saa, na wewe useme, "Ngojeni nisome." Utajiona unamvunjia heshima mchumba wako. Uso utawaka moto. Vumilia. Kama ni mume wa kuoa, atavuta kiti akusubiri. Akikasirika kwa sababu umesoma, basi umesoma mawili kwa wakati mmoja, na la pili ni la maana zaidi.

Jumapili nakwenda Zombo. Nilifikiri nimwandikie Athumani, kisha nikakumbuka kwamba barua yangu ingebidi asomewe na mtu, na jambo hili si la kusomewa na mtu. Nitakwenda mwenyewe, nimwambie mbele ya majirani wale wale waliokuwepo msibani. Sijui atanijibu nini. Nawe sikuagizi umwamkie, umri wako si wa kuagizwa. Nimekuondolea tu sababu niliyokupa ya kutomwamkia.

Bahasha nimeiweka juu ya sanduku lako. Karatasi yenu imo, safi, haina saini yangu, na haitakuwa nayo maadamu jina lako liko hapo lilipo. Ukilia sitasaini. Ukininunia mpaka harusi sitasaini, na harusini nitakuja umeninunia hivyo hivyo. Kama utaniona mama mbaya, tafuta shahidi mwingine, Mikumi ni mji, wapo wengi, na wengi wao hawasomi. Lakini siku utakapoandikwa mahali pa mnunuzi, wewe peke yako au wewe na Idrisa, niite hata kama ni siku ya mvua. Nitakuja na miwani yangu. Nitaomba kiti, nitaisoma karatasi nzima kwa sauti mbele ya kila mwanamume atakayekuwepo, pole pole, mpaka wasinzie, na nikimaliza nitaanza tena kwa ajili ya asiyejua kusoma. Ndipo nitaomba kalamu.

Nasikia sauti yako njiani unacheka na wenzako. Nywele zimekwisha. Nafunga hapa.

Mama yako,
Salima